Nani Ataandika Kanuni za Mwezi? Mvutano wa Marekani na China Katika Ncha ya Kusini

Mtazamanyota (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila mjadala wa safari za Mwezini unapoibuka, swali la kwanza huwa ni lile lile: kati ya Marekani na China, nani atamtangulia mwenzake kupeleka watu huko? Swali hilo lina utamu wake, lakini bendera ya kwanza ilikwishasimikwa Julai 1969 na hakuna atakayeisimika tena kwa mara ya kwanza. Ninachotaka tukijadili hapa ni jambo ambalo halipigiwi kelele nyingi. Mashindano ya sasa yanahusu sehemu ndogo sana ya ncha ya kusini ya Mwezi, na atakayejiimarisha hapo mapema atapata nafasi ya kuwaonyesha wengine, kwa vitendo, namna sheria iliyopo inavyopaswa kusomwa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo zawadi yenyewe.

Historia nitaipitia haraka. Umoja wa Kisovieti ulitangulia karibu katika kila hatua ya awali: Luna 2 iligonga uso wa Mwezi Septemba 1959, Luna 3 ikapiga picha za upande wa mbali, usioonekana kutoka duniani, mwezi uliofuata, na Luna 9 ikatua salama Februari 1966, miezi minne kabla ya Surveyor 1 ya Marekani. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Sergei Korolev, mhandisi mkuu wa mpango wa Kisovieti, alifariki Januari 1966, na roketi kubwa ya N1 iliyokusudiwa kuwapeleka Wasovieti Mwezini ilishindwa katika majaribio yake yote manne kati ya 1969 na 1972. Hata Armstrong na Aldrin walipokuwa Mwezini, Luna 15, chombo kisicho na mtu, kilikuwa kikizunguka juu yao kikitafuta nafasi ya kutua, kuchota udongo na kuuwahisha nyumbani. Kilianguka na kuvunjika tarehe 21 Julai, saa chache kabla Wamarekani hao hawajaondoka.

Kipande kimoja cha historia hiyo hakitajwi mara nyingi, nami nakiona cha maana. Tarehe 20 Septemba 1963, Rais Kennedy, yule yule aliyeliomba Bunge la Marekani fedha za kuwashinda Wasovieti, alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akapendekeza nchi hizo mbili ziende Mwezini pamoja. Miezi miwili baadaye aliuawa, na pendekezo likafa naye. Mashindano yale, kwa hiyo, yalikuwa uamuzi wa kisiasa kutoka mwanzo hadi mwisho, na yalikuwa na mstari wa kumalizia. Marekani ilipouvuka, hamu ikaisha. Apollo 17 ya Desemba 1972 ikawa safari ya mwisho, baada ya watu 12 kukanyaga Mwezi kwa gharama ya takriban dola bilioni 25 za wakati ule. Safari hii mstari huo haupo, kwa sababu pande zote mbili zinasema zinakwenda kukaa.

Sasa, kwa nini ncha ya kusini? Mhimili wa Mwezi umeinama kwa nyuzi 1.5 tu, hivyo jua la huko halipandi. Linazunguka pembezoni mwa upeo wa macho. Matokeo yake ni mambo mawili yanayoishi jirani. Ndani ya kasoko (mashimo makubwa) kama Shackleton kuna sakafu ambazo hazijaonja mwanga wa jua kwa muda mrefu mno, zenye baridi ya chini ya nyuzi 200 hasi za Selsiasi, ambamo barafu inaweza kudumu. Juu ya kingo na miinuko iliyo karibu nazo kuna sehemu zinazopata mwanga kwa muda mwingi wa mwaka, ilhali kwingineko Mwezini usiku mmoja hudumu takriban siku 14 za duniani na huua mitambo kwa baridi. Umeme wa jua juu, maji chini, na umbali mfupi kati yake: hapo ndipo kila mhandisi angependa kuweka kituo, awe wa Houston au wa Beijing.

Dalili za maji hayo si uvumi. Chandrayaan-1 ya India, iliyorushwa 2008 ikiwa na kifaa cha NASA, shirika la anga la Marekani, ndani yake, iligundua alama za maji katika udongo wa Mwezi, na Oktoba 2009 Wamarekani waliiangusha sehemu ya roketi katika kasoko ya Cabeus wakayaona maji katika vumbi lililorushwa juu. Maji yakipasuliwa yanatoa oksijeni ya kupumua, na oksijeni pamoja na haidrojeni ni mafuta ya roketi. Hata hivyo, hakuna aliyekwisha kuchimba hapo na kupima barafu ni kiasi gani na iko katika hali gani, kwa hiyo wanaotangaza utajiri wa mabilioni wanauza ngozi ya mnyama ambaye bado hajawindwa.

Upande wa China, kinachovutia ni mwendo wake usio na papara. Chang'e 1 ilizunguka Mwezi 2007. Chang'e 3 ikatua 2013 na kigari cha Yutu. Chang'e 4, Januari 2019, ikawa chombo cha kwanza kutua upande wa mbali, ikiwasiliana na dunia kupitia setilaiti ya Queqiao iliyotangulizwa kwa kazi hiyo. Chang'e 5 ilileta gramu 1,731 za udongo Desemba 2020, na Chang'e 6 ikaleta gramu 1,935.3 kutoka upande wa mbali Juni 2024, jambo ambalo hakuna nchi nyingine imewahi kulifanya. Chang'e 7, iliyopangwa kurushwa 2026, imelengwa jirani na Shackleton, na lengo lililotangazwa ni kutua na watu kabla ya 2030 kwa roketi ya Long March 10, chombo cha Mengzhou na chombo cha kutulia kiitwacho Lanyue.

Marekani ina uwezo mkubwa zaidi na uthabiti mdogo zaidi. Rais Bush alitangaza kurudi Mwezini 2004. Rais Obama akaufuta mpango huo 2010. Rais Trump akaurudisha 2017. Machi 2019, Makamu wa Rais Mike Pence alisema waziwazi kwamba nchi yake imo tena katika mashindano ya anga, akaitaja Chang'e 4, na akaagiza Wamarekani watue ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ilipita bila kutua. Artemis I, safari ya kwanza ya mpango huo wa Marekani wa kurudi Mwezini, iliuzunguka Mwezi bila watu mwishoni mwa 2022, lakini mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria kwamba kila mruko wa roketi ya SLS katika safari nne za kwanza ungegharimu dola bilioni 4.1, na chombo cha kuwashusha wanaanga, kilichokabidhiwa kampuni ya SpaceX mwaka 2021 kwa dola bilioni 2.89, kinahitaji kujazwa mafuta kikiwa angani kwa miruko kadhaa ya roketi kabla hakijaelekea Mwezini. Mwaka 2023 kampuni ya Blue Origin nayo ilipewa mkataba wa chombo cha pili. Wanaosema China itawahi wana hoja. Wanaosema Marekani ina washirika na makampuni ambayo China haina nao wana hoja.

Hawa wawili si wachezaji pekee. Agosti 2023 Urusi, iliyokuwa haijarudi Mwezini tangu Luna 24 ya 1976, iliipoteza Luna 25 ilipoanguka tarehe 19, na siku nne baadaye Chandrayaan-3 ya India ikatua salama katika latitudo ya nyuzi 69 kusini. Japani nayo ilitua Januari 2024 kwa usahihi wa kutajika, ingawa chombo chake cha SLIM kilisimama kichwa chini. Lakini kambi ni mbili. Moja inafuata Makubaliano ya Artemis, kanuni za Marekani na washirika wake kuhusu shughuli za Mwezini, yaliyotiwa saini na nchi nane tarehe 13 Oktoba 2020 na ambayo sasa yana nchi zaidi ya hamsini. Nyingine inajengwa kuzunguka Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Mwezi, ambacho China na Urusi zilikubaliana Machi 2021.

Upande wa sheria nauachia walioubobea.

Msomasheria

Ndugu Mtazamanyota, ahsante kwa kuufungua mjadala kwa utulivu. Naomba niingie hapo ulipoacha, kwa kuwa naona ndipo penye moyo wa suala lenyewe.

Mkataba wa Anga za Juu ulifunguliwa kutiwa saini tarehe 27 Januari 1967 na ukaanza kutumika Oktoba mwaka huo, kabla mtu yeyote hajakanyaga Mwezi. Ibara yake ya 2 inakataza taifa lolote kuufanya Mwezi kuwa mali yake, iwe kwa kutangaza mamlaka, kwa kuutumia, kwa kuukalia au kwa njia nyingine yoyote. Marekani yenyewe ililiheshimu hilo kwa namna ya pekee: Bunge lake lilipoagiza mwaka 1969 kwamba bendera ya Marekani isimikwe Mwezini, liliandika katika sheria hiyo hiyo kwamba kitendo hicho ni ishara ya fahari ya taifa na kisichukuliwe kuwa dai la kumiliki.

Tatizo linaanzia pale ambapo ardhi inaishia na kitu kilichotolewa ardhini kinaanzia. Je, tani ya barafu iliyochimbwa ni mali ya aliyeichimba? Mkataba haujibu. Wanaosema ndiyo hutoa mfano wa bahari kuu: bahari haina mwenyewe, lakini samaki aliyevuliwa ni wa mvuvi. Kwa msingi huo Marekani ilipitisha sheria mwaka 2015 inayowatambua raia na makampuni yake kuwa wamiliki wa rasilimali watakazozipata angani. Luxembourg ikafuata 2017, baadaye Falme za Kiarabu, na Japani 2021. Wanaosema hapana huegemea Mkataba wa Mwezi wa 1979, unaotamka kwamba Mwezi na maliasili zake ni urithi wa pamoja wa binadamu, ila mkataba huo haukuwahi kufikisha wanachama ishirini, si Marekani wala China wala Urusi iliyouridhia, na Saudi Arabia ilijiondoa rasmi Januari 2024.

Makubaliano ya Artemis si mkataba wa kulazimisha, ni tamko la kisiasa, lakini yana vipengele viwili vyenye meno. Cha kwanza kinasema kuchimba rasilimali hakuhesabiki moja kwa moja kuwa kumiliki. Cha pili kinaruhusu kila mhusika kutangaza maeneo ya usalama kuzunguka shughuli zake, ambayo wengine wataombwa wayaheshimu kwa kutoa taarifa na kushauriana kabla ya kuyakaribia. Watetezi wake wanasema hilo ni utekelezaji tu wa Ibara ya 9 ya Mkataba wa 1967, inayozitaka nchi zizingatie maslahi ya wengine na zishauriane pale shughuli ya mmoja inapoweza kumdhuru mwingine. Wakosoaji wake, Urusi ikiwemo, wanauliza eneo la usalama linatofautianaje na uzio.

Kuna hoja moja ya kisheria inayoipa nguvu kauli yako kuhusu kusoma sheria kwa vitendo. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba inaelekeza kwamba katika kutafsiri mkataba wowote, uzingatiwe pia mwenendo wa baadaye wa wanachama wake unaoonyesha kuwa wamekubaliana juu ya maana yake. Kwa lugha nyepesi, nchi za kutosha zikichimba, zikatangaza maeneo ya usalama, na nyingine zikanyamaza, basi ukimya huo nao utasomwa mbele ya wanasheria siku za usoni.

Mtazamanyota

Msomasheria, umenisaidia kulisema jambo nililokuwa nalizunguka. Niongeze upande wa uhandisi, maana maeneo ya usalama si hila tupu, na hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Mwezini hakuna hewa ya kulipunguza kasi vumbi. Chombo kinapotua, moshi wa injini zake huurusha udongo kwa kasi kubwa na kwa umbali mrefu. Tunalijua hilo tangu Novemba 1969, Apollo 12 ilipotua takriban mita 160 kutoka Surveyor 3, chombo kilichokuwa kimekaa pale tangu 1967. Wanaanga walikata baadhi ya sehemu zake wakazirudisha duniani, na zilipochunguzwa zilionekana zimechapwa na mchanga uliorushwa na mtuo ule. Kwa hiyo mwenye paneli za jua, darubini au makazi ya watu ana haki ya kusema: tafadhali usitue karibu nami. Haki hiyo ni ya kweli kabisa, na kwa sababu ni ya kweli, ndiyo itakayokuwa kisingizio kizuri kuliko vyote.

Angalieni ukubwa wa uwanja wenyewe. Miinuko yenye mwanga mrefu katika ncha ya kusini ni michache na ni myembamba. Atakayeweka mitambo juu ya mmojawapo na kutangaza nafasi ya kilomita chache kuuzunguka hatakuwa amedai hata shubiri moja ya ardhi, Ibara ya 2 itakuwa imebaki salama kwenye karatasi, na bado hakuna mwingine atakayepata pa kukaa hapo. Mkataba una Ibara ya 12, inayoruhusu wawakilishi wa nchi nyingine kutembelea vituo vya Mwezini kwa misingi ya kupokeana, kwa taarifa ya mapema. Ila ziara ni ziara, haikupi mahali pa kuweka paneli zako.

Anayedhani hizi ni hofu za kubuni na akumbuke agizo la Agosti 2025. Sean Duffy, aliyekuwa akikaimu uongozi wa NASA, aliamuru uharakishwe mpango wa kupeleka Mwezini kinu cha nyuklia cha angalau kilowati 100 ifikapo 2030, na katika sababu alizotoa alisema kwamba nchi itakayotangulia kufanya hivyo inaweza kutangaza eneo lisiloingiliwa na wengine. Urusi na China zilikuwa zimekwishatangaza nia ya kuweka kinu chao kati ya 2033 na 2035. Kinu ni kitu halali, kina maana ya kiufundi kwa sababu ya usiku mrefu, na hakuna mtu mwenye akili atakayetaka kutua kando yake. Hakuna uzio bora kuliko huo, na haukatazwi popote.

Hoja Kinzani

Nimewasoma kwa makini, waungwana, na naona mnaikuza hofu ambayo ina wanufaika wake. Ni nani anayesema kwamba China itaupora Mwezi? Ni wakuu wa NASA wanapokwenda kuomba bajeti. Bill Nelson, alipokuwa mkuu wa shirika hilo, alionya mwaka 2023 kwamba China inaweza kufika kwenye maeneo yenye maji na kuwazuia wengine, na China ikaikana kauli hiyo. Mwaka huo huo wabunge walikuwa wakibishana juu ya fedha. Bila adui, mradi wenye gharama mliyoitaja hauwezi kupita bungeni kwa miaka ishirini mfululizo.

Tazameni pia yanayotendeka chini ya kelele hizo. Chang'e 6 ilibeba vifaa vya Ufaransa, vya Italia, kifaa cha Shirika la Anga la Ulaya kilichotengenezwa Sweden, na setilaiti ndogo ya Pakistan. Italia na Sweden zote zimo katika Makubaliano ya Artemis, kama ilivyo Ufaransa. Aprili 2025 China ilitangaza kuazima udongo wa Chang'e 5 kwa taasisi saba za nchi sita, na mbili kati yake ni vyuo vikuu vya Marekani, Brown na Stony Brook. Hao ni mahasimu wa namna gani?

Na ule mfano wa Antaktika mmeusahau. Desemba 1959, katikati ya Vita Baridi, Marekani na Umoja wa Kisovieti pamoja na nchi nyingine kumi walitia saini mkataba uliogandisha madai yote ya ardhi ya bara hilo na kuliacha kwa sayansi. Umedumu hadi leo.

Mtazamanyota

Ndugu Hoja Kinzani, kuhusu bajeti tuko pamoja. Woga ni sarafu inayokubalika katika kila bunge duniani, na tangu Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, aruke Aprili 1961 imekuwa ikitumika. Lakini woga uliotiwa chumvi kwa ajili ya bajeti huzaa sera halisi, na sera hizo hubaki hata aliyezianzisha akistaafu. Mfano ni kifungu cha Wolf, kinachorudiwa katika sheria za matumizi za Marekani tangu 2011, ambacho kinaizuia NASA kutumia fedha zake kushirikiana moja kwa moja na China bila idhini mahsusi. Ubadilishanaji mdogo wa taarifa kuhusu kutua kwa Chang'e 4 ulilazimika kupitia bungeni kwanza. Linganisha na Juni 1971: Marekani na Umoja wa Kisovieti, zikiwa zimeelekezeana makombora ya nyuklia, zilibadilishana udongo wa Mwezi, wa Apollo kwa wa Luna 16, gramu chache kwa kila upande, na miaka minne baadaye wanaanga wao wakapeana mikono katika obiti, yaani wakiizunguka dunia. Ukiniuliza kama uhasama wa leo ni mkali kuliko ule, nitasema hapana. Ila milango yake ya kuzungumzia ni michache zaidi, na hilo linanitia wasiwasi kuliko maneno ya kiongozi yeyote.

Hao Waitaliano na Waswidi uliowataja wanaonyesha kwamba kambi bado zina nyufa za kupitisha hewa. Nakubali, na nafurahi. Lakini mashirika ya Ulaya yaliweza kupanda Chang'e 6 kwa sababu hawafungwi na kifungu hicho. Wenye roketi mbili kubwa ndio wasiozungumza.

Antaktika ni mfano mzuri, ila usomwe hadi mwisho. Mkataba wa 1959 uliligandisha suala la ardhi tu. Suala la madini lilizua mzozo baadaye, likatatuliwa na Itifaki ya Madrid ya 1991 kwa kupiga marufuku uchimbaji. Amani ya Antaktika ilinunuliwa kwa kukubali kwamba hakuna atakayechimba. Mwezini pande zote mbili zimejenga mipango yao juu ya kutumia kilichopo huko. Unaweza kuniambia ni nani kati yao aliye tayari kutoa ahadi kama ile?

Mgeni wa Uzi

Naomba kuuliza. Nchi ambazo hazina roketi wala matarajio ya kuwa nayo karibuni zina nafasi gani katika jambo hili, zaidi ya kutazama? Naona nyingine zinatia saini huku, nyingine kule, na sielewi zinapata nini.

Msomasheria

Ni swali zuri, na lina historia. Desemba 1976 nchi kadhaa za ikweta, Kenya, Uganda na Zaire zikiwemo, zilitoa Azimio la Bogota, zikidai mamlaka juu ya vipande vya obiti ya setilaiti zinazoonekana kusimama mahali pamoja juu ya ikweta. Kisheria dai lile lilikuwa dhaifu na halikukubaliwa, kwa sababu ya Ibara ya 2 ile ile. Lakini malalamiko yaliyokuwa chini yake yalikuwa ya haki: nafasi katika obiti ile zina kikomo, na utaratibu wa anayetangulia kujisajili ndiye anayepata uliwapendelea wenye roketi. Kelele zile zilichangia kuufanya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano uzitengee nchi zote sehemu ya nafasi na masafa ya redio, hata zile ambazo hazikuwa tayari kuzitumia.

Kuhusu kutia saini, Nigeria na Rwanda zilijiunga na Makubaliano ya Artemis Desemba 2022, zikiwa za kwanza barani Afrika, ilhali Afrika Kusini na Misri zilichagua kushirikiana na kituo cha China na Urusi mwaka 2023. Thailand na Senegal zimetia saini pande zote mbili, na mimi nawaona hao kuwa werevu kuliko wote, kwa kuwa hakuna hati kati ya hizo mbili inayokataza nyingine. Wanachopata kwa sasa ni mafunzo, nafasi za wanafunzi, pengine kifaa kidogo ndani ya chombo cha mwingine. Wanachotoa ni kikubwa zaidi, nacho ni saini inayoongeza uzito wa tafsiri fulani ya sheria, kwa kanuni ile ya mwenendo wa wanachama niliyoitaja. Nchi inayotia saini bila kuuliza eneo la usalama litakuwa na ukubwa gani, litadumu muda gani na nani atalikagua, inaitoa saini hiyo bure.

Mtazamanyota

Niongezee jibu hilo kwa mahali pawili pa kwenda kusemea, kwa sababu mijadala ya Mwezi mara nyingi huishia kwenye roketi na kuisahau mikutano.

Cha kwanza ni Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, ambamo kikosi kazi cha masuala ya kisheria ya rasilimali za anga kinatarajiwa kukamilisha kanuni za awali mwaka 2027. Kamati hiyo huamua kwa maafikiano, maana yake ni kwamba nchi isiyo na roketi hata moja inaweza kuzuia neno, au kuling'ang'ania neno, sawa na Marekani au China. Kasi yake ni ya kuchosha, lakini ni meza ambapo kambi zote mbili huketi kwa pamoja zikiongozwa na ajenda ya Mwezi.

Cha pili ni mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2027, ambao una kipengele cha masafa yatakayotumika Mwezini na kati ya vyombo vinavyouzunguka. Jambo hili linaonekana dogo hadi unapokumbuka kwamba upande wa mbali wa Mwezi ndio mahali patulivu kuliko pote jirani nasi kwa kusikiliza mawimbi hafifu ya ulimwengu wa mwanzo, na kwamba kila setilaiti ya mawasiliano inayopelekwa huko, Queqiao zikiwemo, inaongeza kelele. Wanaastronomia hawana roketi, wala hawamo katika kambi yoyote, na utulivu huo ukishapotea hakuna mkataba utakaourudisha. Katika mkutano huo kila nchi mwanachama ina kura moja, na wajumbe wengi hutoka katika mamlaka za mawasiliano ambazo hazijawahi kuulizwa na raia wao zinasimamia upande gani kuhusu Mwezi.